Rangi Si Kipimo: Kubebesha Nyuzinyuzi za Chungwa Antioksidanti za Zambarau

Hotuba kwa wasindikaji wa matunda, vikundi vya akina mama na wanafunzi wa sayansi ya chakula, Nakuru

Mabibi na mabwana, akina mama wa vikundi mlioondoka Kisumu na Kakamega alfajiri, wasindikaji wa hapa Nakuru, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma: hamjambo?

Tutaanza na hesabu, nadharia itafuata. Chukua lita 10 za juisi ya zambarau, ile jamna inayouzwa kando ya barabara kule Kisumu. Tia ndani gramu 200 za unga wa nyuzinyuzi uliotengenezwa kwa ganda la chungwa. Koroga nusu saa, chuja kwa kitambaa, kausha, saga. Unga unaotoka una rangi ya kupendeza, na ukiuweka kwenye mizani unasoma gramu 440. Umetia 200, umetoa 440. Hapo ndipo watu hupigiana makofi na kuanza kuchora lebo.

Zile gramu 240 za ziada ni nini? Karibu zote ni sukari. Nyuzinyuzi za chungwa hunywa maji kupita kiasi. Gramu moja inaweza kubaki na gramu 10 za juisi hata baada ya kuchujwa. Kwa hivyo gramu 200 zimebaki na kilo 2 za juisi. Juisi yenye sukari asilimia 12 ikikauka huacha gramu 120 kwa kila kilo, na kilo mbili huacha gramu 240. Mfuko ulioandikwa "nyuzinyuzi zenye antioksidanti" kumbe zaidi ya nusu yake ni sukari iliyokaukia juu ya ganda.

Basi hilo ndilo la leo. Kuna kilichoshikwa na nyuzinyuzi, na kuna kilichokaukia juu yake. Kwa macho vinafanana kabisa. Mwilini havifanyi kazi moja, dukani havidumu sawa, na mnunuzi hapaswi kuvilipia bei moja.

Antioksidanti, yaani viambata vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni, tunazozungumzia hapa ni polifenoli: anthosayanini zinazoipa zambarau rangi, tanini zinazokukausha mdomo unapoila kabla haijaiva, na jamaa zake. Upande wa pili kuna ukuta wa seli ya mmea, wenye selulosi, hemiselulosi, pektini na, kwa mimea migumu, lignini. Polifenoli hunata kwenye ukuta huo kwa vifungo vya haidrojeni. Hunata pia kwa sababu sehemu zake zisizopenda maji hukimbilia sehemu za ukuta zisizopenda maji. Na penye asidi, anthosayanini huwa na chaji chanya huku pektini ikiwa na chaji hasi. Kifungo kimoja kimoja ni dhaifu, vikiwa vingi vina nguvu. Ndiyo maana tanini kubwa, yenye sehemu nyingi za kushikia, hunata kuliko polifenoli ndogo. Na ndiyo maana ushikaji huu unaweza kurudi nyuma: ukiosha kwa maji mengi, nyingine zinaachia.

Fikiria matatu ya abiria 14. Walioketi ndio walioshikwa, na viti vikijaa vimejaa. Wanaoning'inia mlangoni ndio juisi iliyokaukia nje: wanasafiri, ndiyo, lakini hawatafika wote.

Sasa malighafi. Ukanda huu wetu hauna uhaba wa nyuzinyuzi, ila si kila nyuzinyuzi inafaa. Swali linaloulizwa kila mahali ni la makapi ya miwa, kwa kuwa kwenye viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Nzoia hayakosekani. Jibu fupi: yaacheni. Yana lignini nyingi, mdomoni ni mbao, na kuyalainisha kunahitaji sodiamu haidroksidi na maji mengi ya kuosha, kazi ya kiwanda kikubwa. Yakilala nje siku mbili tatu yameota kuvu. Pumba za ngano za viwanda vya hapa Nakuru ni bora zaidi kwa mkate, lakini zina mafuta yanayochacha haraka, na ukuta wake ni mgumu, hauna vitundu vingi vya kushikia. Pumba za mahindi zina hatari ya aflatoksini, kwa sababu sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje kuliko kwenye unga mweupe. Ganda la pesheni lina pektini nyingi na ningelipenda sana, lakini lina viambata vinavyotoa sayanidi, hasa tunda likiwa bichi, kwa hiyo si la kuanzia. Na pesheni hupuliziwa dawa mara nyingi. Ganda lolote ni mahali ambapo dawa huishia. Mkulima asipokuambia alipulizia lini, usinunue.

Linalobaki ni ganda la chungwa, na hasa ile sehemu nyeupe kati ya ngozi na nyama. Ina pektini na selulosi kwa pamoja, ina vitundu vingi, haina rangi, na wauza juisi wa mjini huitupa kila jioni. Katika vipimo vya maabara pektini hushika tanini vizuri kuliko selulosi, na selulosi ndiyo inayoufanya unga usigeuke utelezi. Mchanganyiko huo ndio tunaoutaka.

Kuandaa ganda kunachukua muda kuliko kazi nyingine zote, na ndiko wengi wanakokatiza njia. Osha machungwa mazima kabla ya kuyakata: kwa klorini ya asilimia 3.5, ile ya madukani, tia mililita 3 kwa kila lita ya maji, loweka dakika 5, suuza kwa maji safi ya kunywa. Menya ile ngozi ya njano au kijani kwa kisu chepesi na uiweke kando. Ina mafuta yenye harufu kali na uchungu ambao hautatoka baadaye. Kata sehemu nyeupe vipande vya nusu sentimita hivi. Tia kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, kilo moja kwa lita 5.

Hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kisumu, chini kule ziwani, ni kama 96. Kitabu kilichoandikwa pwani au Ulaya kikisema "chemsha dakika 3", kimekusudia digrii 100. Wekeni dakika 4 Kisumu na 5 Nakuru, mkihesabu tangu maji yarudi kuchemka. Lengo ni kuua vimeng'enya na vijidudu, na kutoa uchungu. Usizidishe: ukifika robo saa pektini inaanza kuyeyuka, maji yanakuwa mazito kama mlenda, na kilichokuwa kishike polifenoli kimekwenda na maji ya kumwaga.

Chuja, kamua kwa kitambaa, suuza mara mbili kwa maji ya vuguvugu, kamua tena. Onja kipande. Kama bado kina uchungu, suuza mara ya tatu. Kisha kausha kwa digrii 55 hadi 60, si zaidi. Sababu si rangi. Nyuzinyuzi zikikaushwa kwa moto mkali, vitundu vyake hujifunga na havifunguki tena hata ukiziloweka usiku kucha. Unga utaonekana mzuri, utasagika vizuri, na utashika kidogo sana. Hii ni hasara isiyoonekana kwa macho, na hutokea zaidi kwa wanaotumia oveni ya mikate iliyobaki na moto wa asubuhi.

Unyevu ukishuka chini ya asilimia 10, kipande kinavunjika kwa sauti badala ya kupinda. Saga kwa kisagio cha viungo, pitisha kwenye chekecheo la robo milimita. Tafadhali msipeleke kwenye kinu cha posho. Kinapasha unga joto, na kila kona yake kuna mahindi ya jana. Kilo moja ya sehemu nyeupe mbichi hutoa gramu 100 hadi 150 za unga mkavu, kwa hiyo panga ununuzi wako kwa hesabu hiyo.

Juisi ina sheria zake. Rangi ya zambarau iko zaidi kwenye ngozi, basi usimenye wala usikamue baridi. Chagua zilizoiva kabisa, nyeusi, zisizopasuka. Ziponde na ngozi yake bila kuvunja mbegu, kwa sababu mbegu ikivunjika huongeza uchungu. Zikishapondwa, hapohapo ziende motoni. Kilichokatwa au kupondwa kikikutana na hewa, kimeng'enya cha polifenoli oksidesi huanza kuzigeuza kuwa hudhurungi. Kuponda halafu kwenda kunywa chai ndiko kunakoharibu zambarau nyingi. Pasha digrii 85 hadi 90 kwa dakika 2 ukikoroga, na kuongeza maji kidogo usiogope, mililita 200 kwa kilo zinatosha. Acha zishuke hadi digrii 50, zikae robo saa na ngozi zake, kisha chuja.

Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Sufuria za alumini na karai la chuma huachia madini yanayokamatana na anthosayanini, na juisi inageuka buluu au kijivu. Ikishageuka hivyo usihangaike kuirudisha.

Poza hadi digrii 25 au chini. Pima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), iwe kati ya 3 na 3.5. Ikiwa juu ya hapo, shusha kwa maji ya ndimu, au kwa ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa kama hujali rangi ya kahawia kidogo. Kwenye pH hiyo anthosayanini ni nyekundu na imetulia, na chaji yake chanya inafanya kazi. Ubaridi nao unasaidia: ushikaji wa namna hii hupungua joto likipanda.

Nyunyiza unga kidogo kidogo ukikoroga, la sivyo unapata madonge ambayo ndani ni makavu. Koroga dakika 30, chombo kikiwa kimefunikwa na mbali na jua. Sehemu kubwa ya ushikaji hutokea katika dakika za mwanzo; baada ya saa moja unachoongeza ni hewa tu, na Kisumu mchana, unaongeza pia hamira.

Kuhusu kipimo, gramu 200 kwa lita 10 ni mahali pazuri pa kuanzia, na hapa pana jambo la kuamua mwenyewe. Ukitia gramu 100, kila gramu ya nyuzinyuzi itabeba zaidi, lakini polifenoli nyingi zitabaki kwenye juisi. Ukitia gramu 400, utatoa nyingi zaidi kwenye juisi, lakini kila gramu itabeba kidogo, na mchanganyiko unakuwa uji mzito usiokamulika. Anayeuza unga kwa watengenezaji wa mtindi anataka unga wenye mzigo, basi apunguze. Anayeokoa juisi ambayo ingetupwa aongeze. Kumtaka mmoja apate vyote viwili ni kudanganyana.

Utajuaje kilichoshikwa? Pima polifenoli kwenye juisi kabla ya kutia unga na kwenye juisi iliyochujwa baadaye. Tuseme kabla ni gramu 2 kwa lita, baadaye ni gramu 1.6. Tofauti ni gramu 0.4 kwa lita. Kwa lita 10 ni gramu 4, zimeshikwa na gramu 200 za unga. Hiyo ni miligramu 20 kwa gramu. Angalieni uzuri wa njia hii: juisi iliyonywewa tu na unga haibadilishi ukolezi wa juisi iliyobaki, kwa hiyo haihesabiwi. Ukipima unga wenyewe bila kuuosha utahesabu vyote, na zile kilo 2 za juisi zilizobaki kwenye unga zina gramu 3.2 za polifenoli ambazo hazijashikwa na chochote.

Wanafunzi, hapa kuna mitego miwili. Wekeni chombo cha juisi isiyo na unga, kikorogwe na kukaa muda uleule, kwa sababu polifenoli huharibika zenyewe na uharibifu huo utaonekana kama ushikaji. Na pimeni unga wa chungwa peke yake ndani ya maji, kwani una polifenoli zake. Kipimo cha Folin, kile cha maabara cha polifenoli kwa jumla, kinasoma pia vitamini C. Msikiamini peke yake. Kwa anthosayanini tumieni njia ya pH mbili, 1.0 na 4.5, mkisoma kwenye nanomita 520 na 700.

Turudi kwenye sukari. Baada ya kuchuja, usikaushe mara moja. Kamua kwa presi, ile ya kukamulia jibini au alizeti ya mkono inafaa, mpaka kilo 2 za juisi zibaki kilo 1. Sasa zimebaki gramu 120 za sukari. Mwagia lita 2 za maji baridi yenye ndimu, pH 3 hadi 3.5, changanya dakika 2, kamua tena hadi kilo 1. Sukari imegawanyika kwenye kilo 3 za maji na umebaki na theluthi moja, gramu 40. Ukikausha sasa unapata gramu 240 hivi badala ya 440. Uzito umepungua karibu nusu, na unga ni bora kupita kiasi: hauvuti unyevu, haushikamani kuwa jiwe, hauhitaji dawa ya kuzuia madonge. Msuuzo mmoja unatosha. Wa pili na wa tatu unaanza kuwashusha abiria walioketi.

Maji ya kusuuzia yawe na asidi. Maji ya bomba yenye pH 7 au zaidi yatageuza rangi mbele ya macho yako.

Kausha kwa tabaka la milimita 3 hadi 5, digrii 50, hewa ikipita, na pasiwe na jua la moja kwa moja. Mwanga unaua anthosayanini. Kikaushio cha jua kiwe cha aina ambayo hewa hupashwa kwenye chumba kimoja na trei zinakaa kwenye chumba kingine chenye giza. Tatizo la Nakuru ni baridi ya Julai: joto halifiki, unga unakaa nusu-mbichi siku mbili na kuchacha. Hapo unahitaji moto wa umeme au kuni kusaidia. Tatizo la Kisumu ni kinyume, mchana unakauka vizuri, halafu unaachwa kwenye trei usiku na unyevu wa ziwani unarudi wote. Saa kumi jioni unga uwe ndani ya debe lenye mfuniko unaobana, hata kama haujakamilika. Kiasi cha mwisho ni unyevu usiozidi asilimia 6 au 7, na kama unapata mtu mwenye kipimo cha maji huru, yaani maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia, chini ya 0.4. Kuvu hushindwa tangu 0.6, lakini rangi inataka ukavu zaidi ya huo.

Pakia kwenye mifuko yenye karatasi ya alumini ndani. Mfuko unaoonyesha unga unauza haraka wiki ya kwanza. Baada ya miezi michache unga umekuwa kahawia na duka linakurudishia. Kwa kila digrii 10 joto linavyopanda, uharibifu wa aina hii huenda mara mbili au tatu, kwa hiyo ghala la Kisumu kwenye joto si ghala la Molo kwenye baridi. Andikeni muda wa matumizi kwa kupima pale bidhaa itakapokaa.

Kwa kikundi kisicho na maabara, vipimo viwili havina gharama. Cha kwanza ni mizani: uzito wa unga mkavu ukizidi uzito wa nyuzinyuzi ulizotia kwa zaidi ya robo, una sukari, kamua na suuza vizuri zaidi. Cha pili: tia gramu 1 ya unga kwenye mililita 50 za maji yenye ndimu, koroga dakika 5, chuja. Maji yakiwa mekundu sana na unga ukabaki mweupe, ulichokuwa nacho ni rangi ya juu tu. Unga ukibaki na rangi ya kutosha, umeshika. Kisha tia chembe ya magadi kwenye yale maji. Rangi ya zambarau itageuka buluu na kijani. Rangi nyingi za viwandani hazigeuki. Kipimo hiki kinamfaa pia anayenunua unga kwa mtu mwingine. Kwa takwimu za kuandika kwenye lebo, nendeni maabara: Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kina idara ya sayansi ya maziwa na chakula, na KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, wako Kisumu.

Unga huu uingie kwenye chakula gani? Wengi hufikiria mandazi na chapati kwanza. Mandazi yenye hamira ya unga (baking powder) au magadi hupanda pH hadi karibu 7 na kupita, na anthosayanini hugeuka buluu, kijani, kisha njano chafu. Tena unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa Kenya umetakiwa kisheria kuongezewa madini ya chuma tangu 2012, na chuma hicho kikikutana na polifenoli hutoa kijivu. Hakuna atakayenunua andazi la rangi ya simenti, hata ukimweleza kemia yake yote. Mkate wa hamira ya chachu una nafuu kidogo. Usizidishe asilimia 5 ya unga wa ngano, ongeza maji kwa asilimia 5 hadi 10 kwa kuwa nyuzinyuzi zitayanywa, na tarajia mkate mfupi kidogo kwa sababu chembe hizo hukata utando wa gluteni.

Mtindi na uji wa wimbi uliochachushwa ndivyo vyakula vya kazi hii. Mtindi una pH ya 4 hadi 4.6, uji mchachu mara nyingi uko chini ya 4, na rangi inabaki ya waridi hadi nyekundu. Kwenye mtindi, tia unga baada ya maziwa kuganda na kupozwa chini ya digrii 10. Ukitia kwenye maziwa ambayo hayajaganda, asidi na tanini zitakatisha maziwa na upate mabonge. Kwa mtindi, saga tena hadi chembe ziwe ndogo kuliko milimita 0.15, vinginevyo mnywaji atasema kuna mchanga. Gramu 3 kwa kila gramu 100 za mtindi ndiyo karibu ya juu kabisa kabla haujawa mzito wa kuliwa kwa kijiko. Na kwa kuwa unatia baada ya kuchemsha, unga wenyewe ndio mlango wa vijidudu: pakiti zikivimba kwenye friji, tafuta hamira kwenye trei za kukaushia kabla hujalaumu maziwa. Kwenye uji, epua kwanza, acha ushuke hadi digrii 60, ndipo uchanganye.

Kuhusu mwili, niwe mkweli na mfupi. Anthosayanini nyingi haziingii kwenye damu kama zilivyo. Kwenye utumbo mwembamba pH ni karibu na 7 na huvunjika. Zilizoshikwa na nyuzinyuzi husafiri nazo hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzila nyuzinyuzi na kuzivunja polifenoli kuwa asidi ndogo ndogo zinazoweza kufyonzwa. Pektini huliwa haraka, selulosi polepole, kwa hiyo aina ya nyuzinyuzi inaamua mzigo unashushwa wapi. Hilo ndilo linaloupa utafiti huu maana. Lakini namba ya antioksidanti iliyopimwa kwenye chupa haisemi itafanya nini kwa mtu. Idara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya vipimo vya ORAC, yaani nguvu ya antioksidanti iliyopimwa maabara, mwaka 2012, kwa sababu namba zilikuwa zinatumiwa kuuza vitu bila ushahidi wa faida mwilini.

Na kuna watu ambao unga huu hauwafai kwa kila mlo. Polifenoli hukamata chuma cha mimea tumboni, jambo lilelile linalowafanya wauguzi kusema chai isinywewe pamoja na chakula. Uji wa mtoto wa miezi sita au wa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu usitiwe tanini za zambarau. Auzaye kwa shule za chekechea alifikirie hilo kabla ya kuandika zabuni.

Kwenye lebo, uzeni nyuzinyuzi kwanza, kwa sababu zina kanuni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku. Codex, kanuni za kimataifa za chakula, inaruhusu kuandika "chanzo cha nyuzinyuzi" chakula kikiwa na gramu 3 kwa gramu 100, au gramu 1.5 kwa kilokalori 100. Kuandika "nyuzinyuzi kwa wingi" ni mara mbili ya hapo. Mtindi wenu wa gramu 100 wenye gramu 2 za nyuzinyuzi hautapita kwa uzito, utapita kwa kalori. Mtindi mtupu wa kilokalori 60 unakupa gramu 3.3 kwa kilokalori 100, yaani "kwa wingi". Ongeza vijiko viwili vya sukari, gramu 10, kilokalori zinafika 100 na umebaki na gramu 2, "chanzo" tu. Sukari ile ile tuliyoihangaikia kuitoa kwenye unga inarudi kwa mlango wa jikoni. Muulizeni afisa wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, atakubali hesabu ipi kabla ya kuchapisha lebo elfu kumi.

Kwa antioksidanti andikeni kiasi kilichopimwa, kwa miligramu, kwa kipimo cha kula mara moja. Msiandike inatibu kisukari wala inazuia saratani. Zambarau ina sifa hiyo mitaani, lakini Sura ya 254 ya sheria zetu, ile ya chakula na dawa, inakataza kuuza chakula kwa maneno ya kudanganya, na mwenye jina kwenye mfuko anaweza kushtakiwa.

Limebaki moja, juisi iliyochujwa. Katika mfano wetu bado ina gramu 1.6 kati ya 2 za polifenoli kwa lita, na karibu ladha yake yote. Msiimwage. Pasha hadi digrii 85, jaza chupa ikiwa moto, ziba, iuzeni kama juisi; au itieni nyuzinyuzi mpya mara ya pili, mkijua mzigo utakuwa mwepesi na unga huo una bei yake ya chini. Msichanganye na wa kwanza.

Maswali ya vikaushio tuyachukue mwanzo, kwa maana fundi aliyeleta kile cha mbao anarudi Njoro saa saba.